Kifaru wa Bure Hakuwa wa Kwetu

Wiki mbili zilizopita nilimsimamisha kifaru kwa boma la jirani. Kifaru mzima, ukubwa wake wa kweli, katikati ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo. Kuku walikuwa wanapita chini ya tumbo lake bila habari.

Bila shaka alikuwa ndani ya simu. Hiyo teknolojia inaitwa uhalisia ulioongezwa, wasee wa kompyuta huiita AR. Usitishwe na jina. Kama umewahi kujiwekea masikio ya mbwa kwenye video, ushaitumia. Kama ulicheza Pokémon Go mwaka wa 2016, ndiyo hiyo. Kamera inaangalia mahali uliposimama, simu inapima ardhi iko wapi na wewe unasonga vipi, kisha inachora kitu ambacho hakipo kana kwamba kipo. Ukizunguka unaona ubavu wake. Ukirudi nyuma anakuwa mdogo.

Mpango wangu ulikuwa rahisi: nimwonyeshe susu kifaru, ashtuke, nirekodi akishtuka, niposti, nipate watazamaji. Susu mwenyewe si wa damu yangu. Lakini hapa Kiboko mama wa umri ule ni susu wa kila mtu. Alizaliwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na mpaka leo mbuzi wa mtu akikaribia shamba lake atamwona kabla hata mwenye mbuzi hajajua amepotea.

Nikampa simu. Hakushtuka. Aliangalia, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia vile nilimwonyesha, halafu akanirudishia.

"Kavisi, huyu si mbusya."

Nikamwambia, ni yeye susu, si unaona pembe mbili hizo.

"Pembe ni zake. Mdomo si wake. Huyu ana mdomo wa ng'ombe. Yule wetu alikuwa na mdomo kama kidole, anashika tawi nao anavuta. Tena hakuwa anaangalia chini hivi. Alikuwa anakuangalia wewe."

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma. Kumbe susu alikuwa sawa na mimi nilikuwa nimekosea kabisa. Modeli niliyopakua bure ilikuwa ya kifaru mweupe. Kifaru mweupe ana mdomo mpana uliokatwa sawa, kichwa kiko chini, kazi yake ni kula nyasi. Hata hawa vifaru weupe wa kusini unaowaona Kenya leo, ukoo wao uliletwa kutoka Afrika Kusini. Kifaru wa Ukambani alikuwa mweusi: mdogo kidogo, mdomo wa juu umechongoka, anakula matawi na vichaka, kichwa kiko juu. Mama ambaye hajawahi kuingia makumbusho yoyote aliniambia tofauti hiyo kwa sekunde kumi, kutokana na alichokiona akiwa mtoto miaka 80 iliyopita.

Ile video nilifuta. Hii post ndiyo iliyobaki.

Sasa hebu nikuulize. Ukipita Kiboko kwa basi la Mombasa, unaona nini? Miti mikubwa, mto, watu wanauza matunda, malori yameegeshwa. Kama kilomita 160 kutoka Nairobi, dereva akisimama unashuka kwenda msalani, unarudi, basi. Hakuna kibao kinachokwambia umesimama ndani ya historia gani.

Acha nikwambie mimi.

Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi kuliko ardhi inavyoweza kubeba. Ikaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa. Ardhi kweli ilikuwa imechoka, mmomonyoko ulikuwa mkubwa. Lakini wazee wetu walijua pia ni nani alikuwa amezungushia ua nyanda nzuri za malisho na kuwapa walowezi. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi, wakapiga kambi huko wakidai kumwona gavana. Mwishowe serikali ikarudi nyuma kwenye mpango wa kuchukua ng'ombe, lakini Mbingu ikamkamata na kumpeleka kizuizini Lamu. Barabara yenye jina lake katikati ya Nairobi unaikanyaga kila ukienda City Market.

Shida ya ardhi haikuisha. Milima ilikuwa imejaa watu. Kwa hiyo serikali ikaangalia huku chini, Makueni. Vichaka, mbung'o, na vifaru. Ikaamua kufungua eneo lifanywe makazi. Kwanza, vifaru watoke. Na siku hizo kutoa kifaru hakukuwa kumpiga sindano ya usingizi na kumbeba kwa lori. Kulikuwa ni risasi.

Kazi hiyo alipewa mwindaji kutoka Scotland aliyeitwa John Alexander Hunter, akisaidiwa na Wakamba wa kufuata nyayo. Hesabu iliyobaki kwenye maandishi inasema kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946 aliua vifaru 996.

Soma tena. 996. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya kifaru mmoja kila siku, kwa miaka miwili na zaidi, Jumapili ikiwemo.

Sasa weka nambari nyingine kando yake. Mwaka wa 2021 Kenya ilifanya sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori. Vifaru weusi waliohesabiwa nchi nzima walikuwa 897. Yaani mtu mmoja na bunduki zake, katika eneo moja la Ukambani, aliua vifaru weusi wengi kuliko wote tuliokuwa nao Kenya nzima miaka 75 baadaye. Ni hivi karibuni tu ndio nchi imevuka 1,000 tena. Wa karibu nasi wanalindwa kule Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, kwa ua na askari.

Hunter alipozeeka alirudi hapa hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alijenga hoteli kando ya maji ya Kiboko, mahali pazuri sana, ndege kila tawi. Aliaga mwaka wa 1963. Hoteli ikabaki na jina la mwindaji. Sina ugomvi na hoteli, mimi mwenyewe nimepiga picha kando ya yale maji. Nauliza tu: jina la mwindaji liko kwenye kibao. Jina la mbusya liko wapi? Majina ya waliofuata nyayo, waliochuna ngozi, walioshuka milimani na watoto mgongoni wakaambiwa hapa ndipo kwenu sasa, yako wapi?

Yako kwa akina susu. Na akina susu wanaenda.

Hapo ndipo naona kazi ya hii AR. Si kuchezea watoto. Kiboko hatuna jengo la makumbusho, na sioni likijengwa kesho. Lakini makumbusho ni nini hasa? Ni mahali ambapo kitu kinasimama mbele yako na mtu anakwambia habari yake. Hapa kwetu mahali tunapo tayari. Mto ndio ule. Kinachokosekana ni kile kitu na ile habari, na vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya simu.

Wenzetu washaanza. Mwaka wa 2015 jumba la makumbusho ya viumbe la Smithsonian kule Washington lilikuwa na ukumbi wa mifupa wa zamani sana, watu wanaupita haraka. Hawakubomoa. Walitengeneza programu ya simu: unaelekeza kamera kwa kiunzi, mnyama anavaa nyama na ngozi, anasonga. Mifupa ni ile ile, kabati ni lile lile.

Hapa nyumbani, Chao Tayiana Maina, mwanzilishi wa African Digital Heritage, amekuwa na wenzake katika kundi linaloitwa Museum of British Colonialism wakijenga upya kwa kompyuta kambi za kizuizini za wakati wa Mau Mau, kama Aguthi na Mweru kule Nyeri. Leo mahali pa kambi hizo ni shule. Kazi yao si AR kamili, ni modeli za pande tatu unazoangalia kwenye skrini. Lakini angalia walivyoanza. Hawakuanza na kompyuta. Walianza kwa kwenda pale, kupima kuta zilizobaki, na kuketi na wazee waliofungwa humo wawaambie mlango ulikuwa wapi na mtaro ulikuwa wapi. Kompyuta ilikuja nyuma.

Mfano mwingine unanikaa moyoni. Sudan, dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, alikufa Ol Pejeta tarehe 19 Machi 2018. Mwaka uliofuata msanii wa Uingereza, Alexandra Daisy Ginsberg, alitengeneza dume wa aina hiyo kwa kompyuta, ukubwa wa kweli, anatembea ukutani na kukoroma. Ile sauti imetoka wapi, kama madume wote wamekwisha? Imetoka kwa mtafiti aliyewarekodi wakati kundi la mwisho lilikuwa bado hai. Kama hakuna aliyebeba kinasa sauti siku hiyo, yule kifaru wa kompyuta angekuwa bubu.

Unaona ninakoelekea? Wasee wengi wakisikia AR wanafikiria shida ni mashine: simu ya bei, programu, mtu wa kuandika kodi. Mimi pia nilifikiria hivyo. Nilikaa usiku mbili nikihangaika na modeli, nikichoma bando. Lakini mashine ilifanya kazi yake vizuri. Kilichoniangusha ni kutojua. Simu itakuonyesha tu kile unachokijua. Ukiijaza uongo, itakuonyesha uongo mzuri, ukubwa wa kweli, na kivuli chini.

Na huo uongo ni hatari kuliko wa kitabu. Kitabu kikikosea unaweza kubishana nacho. Mtoto wa darasa la nne akimwona kifaru mweupe amesimama kando ya mto Kiboko kwa macho yake, utamwambia nini? Atasema, "Nilimwona."

Kuna jambo lingine, na hili ni gumu zaidi. Ni rahisi kutengeneza hii hadithi iwe ya machozi. Kifaru mzuri, mzungu mbaya, muziki wa huzuni, laiki kibao. Nilimuuliza susu kama aliwahuruma. Alinicheka.

"Ukitumwa maji, unapanda mti, mbusya iko chini, jua linazama. Ungeihurumia ukiwa wapi, huko juu?"

Halafu akanyamaza kidogo.

"Lakini zilikuwa nyingi. Halafu hazikuwa."

Sijui kama kuna profesa atakayeisema vizuri kuliko hivyo. Na ukweli ni kwamba mimi nimezaliwa ndani ya hiyo bei. Mahindi yaliyonilea yalimea mahali walipokuwa wakila vichaka. Leo hapa Kiboko kuna kituo cha utafiti cha KALRO ambapo mbegu za mahindi ya kustahimili ukame hujaribiwa, na mbegu hizo zinasaidia watu mbali sana na hapa. Siwezi kusimama juu ya udongo huu nikilia vifaru kana kwamba ningekubali kuhama ili warudi. Lakini pia siwezi kunyamaza kana kwamba udongo ulikuwa mtupu. Hata Hunter mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka wa 1952, alijiuliza kama ilifaa kuwamaliza wanyama wale kwa ajili ya ekari kadhaa za kulima. Mwenye bunduki alijiuliza. Sisi tuliopata ekari hatujaulizana.

Kwa hiyo nikipewa nafasi, nitafanya hivi.

Nitachagua kipande cha njia ya mguu, mbali na barabara kuu maana malori hayana mchezo. Ukielekeza simu, unaona vifaru weusi wamepangwa mstari, pua kwa mkia. Si mmoja. Wote 996. Kifaru mweusi ana urefu wa mita tatu na kitu, kwa hiyo huo mstari unapita kilomita tatu. Unatembea kandokando yake. Dakika tano, kumi, ishirini, bado unatembea. Ukisoma 996 kwa kitabu macho yanapita. Ukiitembea, miguu itakukumbusha usiku. Hicho ndicho AR inaweza kufanya ambacho kitabu hakiwezi, na hata jengo haliwezi, maana jengo gani litaingiza kilomita tatu?

Njiani, kila mahali pa kusimama, kuna sauti. Sauti ya wazee wetu, kwa Kikamba, na maandishi ya Kiswahili chini. Mmoja anaeleza mlimani kulikuwaje. Mwingine anaeleza mbung'o. Mwingine anaeleza siku Muindi Mbingu alipoitisha watu, vile babake alimsimulia. Na mwisho wa mstari hakuna muziki. Kuna shamba la mahindi, la kweli, la mtu. Unashusha simu, unaangalia.

Mambo ya kiufundi yapo pia, nisikudanganye. Simu nyingi za bei nafuu hazishiki AR vizuri. Kwa hivyo lazima kuwe na njia ya pili: picha ya kawaida na sauti, zinazofunguka hata kwa simu ya chini. Mtu asilazimishwe kupakua programu nzito. Ifunguke kwa kivinjari, na shuleni mwalimu aipakue mara moja watoto watumie bila intaneti. Na kabla haijatoka, ionyeshwe kwanza kwa wazee na kwa wataalamu wa wanyama. Susu apewe haki ya kusema, "huyu si yeye."

Pesa je? Watu wa Makueni, fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Makumbusho yameorodheshwa kati ya kazi za serikali za kaunti. Si hisani ya Nairobi. Tunaweza kuuliza kaunti yetu kwa heshima na kwa barua, kama vile tunavyouliza kuhusu maji na barabara.

Najua kuna mtu atauliza, na wewe ni nani? Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilishinda nyumbani. Sina cheti cha historia. Lakini kuna mzaliwa wa Makueni anaitwa Kamoya Kimeu. Alisoma shule ya msingi tu. Mwaka wa 1984, kule Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya mawe, kipande ambacho wewe na mimi tungekanyaga. Kikawa kiunzi cha kijana wa Turkana, wa karibu miaka milioni 1.5, ambacho watu husafiri kutoka pande zote za dunia kukiona Nairobi. Chuo kikuu kimoja cha Marekani kilimpa udaktari wa heshima mwaka wa 2021. Aliaga mwaka mmoja baadaye. Uliza watoto wa shule za huku kwetu wangapi wanamjua. Wangapi wamewahi kusikia ni mtu wa huku.

Kipaji cha Kamoya kilikuwa kuangalia chini na kuona. Hatuhitaji cheti kwa hiyo. Tunahitaji kuanza.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja tu, na hakihitaji AR. Kama una susu au umau aliye hai, wikendi hii keti naye. Simu yako ina kinasa sauti, kifungue. Usimuulize "historia". Muulize alitumwa maji wapi, aliogopa nini njiani, walihamia lini na nani aliwaambia wahame. Andika tarehe ya kurekodi. Hifadhi mahali pawili. Usiikate iwe fupi ya kuposti; ile sehemu anayonyamaza iache hapo hapo.

Modeli zitakuja. Kila mwaka zinakuwa rahisi, na kuna siku mtoto wa darasa la sita ataitengeneza kwa dakika tano. Lakini siku hiyo susu hatakuwepo wa kumwambia kwamba mdomo si wenyewe.

Mimi nimeshapata modeli ya kifaru mweusi. Mdomo umechongoka, kichwa kiko juu. Jumamosi narudi kwa lile boma. Akimkataa tena, nitarekebisha nirudi tena.